Siku sita Cape Town mwezi Desemba: naomba mnisaidie kuipanga ratiba

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu wote kwa heshima. Nimefungua uzi huu kwa sababu familia yangu imejaliwa kupata likizo, na kwa mara ya kwanza tutatoka nje ya Afrika Mashariki. Tutakuwa watano: mimi, mke wangu, mama yangu mzazi mwenye umri wa miaka 68 ambaye magoti yanamsumbua akipanda ngazi, binti wa miaka 12 na kijana wa miaka 8. Tunaondoka Dar es Salaam tarehe 9 Desemba na kurejea tarehe 16, kwa hiyo tukiondoa siku za njiani tunabaki na siku sita kamili. Akiba ya safari hii tumeiweka kwa miaka mitatu, na ndiyo maana ningependa ratiba ipitiwe na macho ya watu waliowahi kufika kabla sijalipia kitu kingine zaidi ya ndege na malazi.

Nilichokipanga ni hiki. Siku ya kwanza tutembee bandarini, eneo la V&A Waterfront. Siku ya pili tuogelee katika ufukwe wa Clifton. Siku ya tatu twende Rasi ya Tumaini Jema na kuwaona pengwini. Siku ya nne iwe ya Stellenbosch, kwenye mashamba ya mizabibu. Siku ya tano tuvuke kwenda Kisiwa cha Robben, na siku ya sita tupande Mlima Meza, kwa kuwa nimetamani safari yetu iishie juu kabisa, tukiuaga mji huku tukiutazama wote kwa pamoja. Kila siku nimeiandika saa kwa saa. Nikosoeni bila kunionea haya.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mwanzisha uzi, hongera kwa kumkumbuka mama katika safari. Mahali ulipopachagua pote panafaa, lakini mpangilio wako una hatari moja kubwa, nayo ipo katika siku ya sita. Cape Town mwenye ratiba ni upepo. Nakuandikia hivyo kwa uchungu, kwa sababu safari yangu ya kwanza niliupanga mlima siku ya mwisho kama ulivyofanya wewe. Siku nne za mwanzo ulikuwa wazi kabisa. Kila asubuhi nilifungua pazia nikauona, nikajiambia kwamba zamu yake bado. Usiku wa kuamkia siku ya tano ukaanza kuvuma upepo ambao sikuwahi kuusikia ukipiga madirisha namna ile. Huduma ya kupanda mlimani ikafungwa siku ya tano, ikafungwa na siku ya sita, nami nikapanda ndege nikiutazama mlima umefunikwa na wingu. Ilinichukua miaka minne kurudi.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunaujua upepo kwa majira yake, na Desemba kwetu ni wakati wa kaskazi. Kule mambo yamegeuka: kiangazi chao huanza Desemba hadi Februari, mvua zao ni za Juni hadi Agosti, na katika kiangazi hicho hicho ndipo huvuma upepo mkali wa kusini-mashariki, ambao wenyeji tangu zamani wameupa jina la Daktari wa Rasi kwa sababu huufagia mji na kuondoa hewa chafu. Upepo huo huja na unyevu kutoka Ghuba ya False, iliyo kusini mwa mji, ukakutana na ukuta wa mlima, ukalazimika kupanda, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyopoa hadi unyevu wake unageuka wingu jeupe linalomwagika ukingoni upande wa mjini, kisha linayeyuka likiwa bado angani kwa sababu hewa inayoshuka hupata joto tena. Wenyeji huliita kitambaa cha meza. Ukiwa chini ni mandhari ya kukusimamisha njiani, lakini aliyeko juu wakati huo haoni hata hatua ishirini mbele yake.

Gari la waya linalopandisha watu limekuwepo tangu mwaka 1929, na vibanda vya sasa, ambavyo sakafu yake huzunguka taratibu ili kila abiria aone pande zote, vililetwa mwaka 1997. Kibanda kimoja hubeba watu 65 na safari ni ya dakika tano hivi, kwa hiyo mama hatapata taabu yoyote, na huko juu kuna njia zilizosakafiwa karibu na kituo. Upepo ukizidi, husimamishwa papo hapo. Ushauri wangu ni kwamba usiupangie mlima tarehe. Kila siku ukiamka, kabla ya chai, tazama mlima kwa macho yako na tazama tovuti ya kampuni inayoendesha huduma hiyo, maana hutangaza kama imefunguliwa. Asubuhi ya kwanza mtakayoikuta iko wazi na tulivu, acheni kila kitu mpande, hata kama ni asubuhi ya siku ya kwanza na bado mna uchovu wa safari.

Jambo linalopaswa kuwekewa tarehe ni Kisiwa cha Robben. Desemba ni mwezi wa likizo za shule nchini humo na tiketi za boti huisha mapema, hivyo nunua sasa, uchague tarehe ya mapema katika safari, kwa kuwa bahari ikichafuka nayo boti haiondoki, na ukiwa na siku mbele yako unaweza kuomba nafasi nyingine.

La mwisho ni kuhusu Clifton. Mchanga wake ni mzuri na maji yake yana rangi ambayo watoto hawataisahau, lakini wasiokwambia kuhusu baridi hawakukutendea haki. Ufukwe huo uko upande wa Atlantiki, na upepo uleule wa kiangazi husukuma maji ya juu kwenda mbali na nchi kavu, kisha maji ya baridi ya kilindini hupanda kuchukua nafasi yake. Ndiyo sababu maji ya pale huweza kuwa na nyuzi 12 katikati ya joto la Desemba. Mtoto aliyezoea maji ya Kigamboni ataingia mara moja tu.

Mwanzisha uzi

Nakushukuru sana, ndugu yangu, na pole kwa kilichokukuta. Nimeifuta siku ya sita kama nilivyoiandika. Sasa nina maswali mawili. Kwanza, ikiwa watoto hawawezi kuogelea Clifton, wataogelea wapi? Pili, mke wangu ana wasiwasi juu ya Kisiwa cha Robben: je, mama ataweza kutembea huko, na je, kijana wa miaka 8 atapata chochote cha kumfaa au atachoka?

Mchangiaji wa pili

Kaka, naomba umfikishie mama shikamoo yangu. Mimi ni mwenyeji wa Mombasa na nilisoma Cape Town kwa miaka miwili, kwa hiyo naomba nijibu hili la kisiwa, kisha niseme jambo ambalo naona halijaguswa.

Ziara ya Kisiwa cha Robben huchukua saa tatu na nusu hivi pamoja na boti. Mkifika mnazungushwa kwa basi, mnapitishwa kwenye machimbo ya chokaa ambako wafungwa walivunja mawe chini ya jua kali, na kwenye nyumba alimotengwa Robert Sobukwe, mwanasiasa aliyepinga ubaguzi wa rangi. Kutembea kwa miguu ni ndani ya gereza tu, tena kwa mwendo wa polepole. Mama ataweza, ila avae koti, kwa sababu katikati ya bahari kuna baridi hata kiangazi, na kama hana mazoea ya boti anywe dawa ya kichefuchefu mapema. Ndani ya gereza mara nyingi anayewaeleza ni mtu aliyefungwa humo mwenyewe kwa sababu za kisiasa. Nelson Mandela alikaa pale miaka 18 kati ya miaka yake 27 ya kifungo. Mtoto wa miaka 8 hatazikumbuka tarehe, lakini nimewaona watoto wa umri huo wakisimama mbele ya kile chumba kidogo, wakipima kwa macho, wakamwuliza mzazi mtu mzima alilalaje humo. Mwandae kabla ya safari kwa kumsimulia. Akienda bila kusimuliwa ataona kuta tupu.

Sasa hilo jingine. Kaka, katika ratiba yako sioni Bo-Kaap, na watu wengi wa kwetu wakienda pale hupiga picha mbele ya nyumba za rangi rangi wakaondoka baada ya dakika kumi. Nakuomba usifanye hivyo. Mtaa ule uko chini ya kilima cha Signal, na watu wake ni wazao wa watumwa na watu waliohamishwa kwa nguvu kutoka Indonesia, India, Madagaska na hata pwani yetu ya Afrika Mashariki. Msikiti wa Auwal, ulioanzishwa mwaka 1794, ndio wa kwanza nchini Afrika Kusini, na mwalimu wake mkuu, Tuan Guru, alikuwa mwana wa kifalme kutoka Tidore, Indonesia, aliyefungwa katika Kisiwa hicho hicho cha Robben, ambako aliiandika Kurani kwa kuikumbuka kichwani. Katika madrasa za hapo Kiafrikana kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, tena hayo ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi ya lugha hiyo. Sisi ambao tenzi zetu ziliandikwa kwa herufi hizo hizo tuna sababu ya kusimama pale kwa zaidi ya dakika kumi. Tembeeni asubuhi, ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha mlangoni kwake, na mkiingia msikitini vaeni kwa staha.

Ukitoka Bo-Kaap, teremka hadi Slave Lodge, jengo la mwaka 1679 ambamo watumwa wa kampuni ya Kiholanzi walilazwa, na ambalo sasa ni makumbusho. Ninakwambia hivi kwa sababu umetaja ufukwe wa Clifton. Mwezi Desemba mwaka 1794 meli ya Kireno iitwayo São José, iliyokuwa imetoka Kisiwa cha Msumbiji ikielekea Brazili na mateka zaidi ya 400, ilipasuka kwenye miamba karibu na hapo. Zaidi ya mateka 200 walikufa maji, na waliookolewa waliuzwa mjini. Mabaki ya meli hiyo yalitangazwa kutambuliwa mwaka 2015, na mwaka huo huo udongo ulioletwa kutoka Msumbiji ulimwagwa baharini pale. Mimi nilisoma pale miaka miwili na niliota jua Clifton mara nyingi kabla sijalijua hilo. Mtakapokaa mchangani, waambieni watoto. Ni watu wa ukanda wetu, na Desemba ndiyo mwezi wao.

Kwa ajili ya nafasi, ningeiondoa Stellenbosch. Ni mji mzuri wa kale, uko kilomita 50 hivi kutoka Cape Town, lakini raha yake kubwa ni ya watu wazima wanaoonja mvinyo, na watoto wenu watakuwa wakiuliza tunaondoka saa ngapi. Siku hiyo ipeni Bo-Kaap na Makumbusho ya District Six. Tarehe 11 Februari 1966 serikali ya ubaguzi ilitangaza kwamba mtaa wa District Six ni wa Wazungu pekee, na watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa, nyumba zao zikabomolewa. Makumbusho yako ndani ya kanisa la zamani la Wamethodisti, yalifunguliwa mwaka 1994, na sakafuni kuna ramani kubwa ya mtaa ambapo waliohamishwa wameandika kwa mikono yao ni wapi walipokuwa wakiishi. Hakuna mahali pengine mjini ambapo nimewahi kuona watu wazima wakipiga magoti kutafuta nyumba yao sakafuni.

Mchangiaji wa tatu

Naunga mkono yote yaliyosemwa, ila ningependa kumtetea binti wa miaka 12. Kama anapenda kutembea, baba anaweza kupanda naye mlima kwa miguu huku mama, bibi na mdogo wake wakipanda kwa gari la waya, kisha mkakutana juu. Njia ya kufuata ni Platteklip, ambayo haihitaji kamba wala ujuzi wa kukwea, ila ni ngazi za mawe tangu mwanzo hadi mwisho kwa saa mbili hadi tatu. Inatazama kaskazini, na kule Cape Town huko ndiko jua liliko mchana, kwa hiyo kuanzia saa nne asubuhi hakuna kivuli cha maana. Mimi nilianza saa tano nikiwa na chupa moja ya nusu lita, na nilifika juu nikiwa natetemeka miguu na macho yanaona giza. Mtu nisiyemjua alinipa maji yake na sitamsahau. Anzeni saa kumi na mbili asubuhi, kila mmoja abebe maji yasiyopungua lita mbili, viatu vilivyofungwa, kofia, mafuta ya kukinga jua na sweta, maana juu kuna baridi hata kama chini mnatoka jasho.

Yako mambo mawili ya usalama ambayo lazima yasemwe wazi. Njia za mlimani, pamoja na zile zilizo karibu kabisa na mji, zimewahi kuwa na vibaka, kwa hiyo nendeni siku ambayo watu wengine wengi wanapanda, msijitenge, na namba ya dharura kwa simu ya mkononi ni 112. Mjini nako, giza likiingia, msitembee kwa miguu katikati ya jiji. Iteni gari kwa programu ya simu hata kama mwendo ni mfupi, na simu msiishike mkononi barabarani.

Kwa mama, napendekeza jioni moja mpande kilima cha Signal kwa gari. Kina mita 350 tu na barabara inafika juu kabisa. Desemba jua linazama karibu na saa mbili usiku, jambo ambalo sisi tuliozoea machweo ya saa kumi na mbili na nusu hutushangaza, na mtapata jioni ndefu ya kukaa bila haraka. Hapo hapo kilimani kuna mzinga unaopigwa kila siku saa sita kamili mchana isipokuwa Jumapili na sikukuu za umma, ambao zamani ulizisaidia meli bandarini kurekebisha saa zao. Kijana wa miaka 8 ataupenda kuliko makumbusho yote.

Kuhusu usafiri, nisingekodi gari. Mabasi ya ghorofa ya watalii yanazunguka sehemu nyingi, na mabasi ya MyCiTi ya jiji yanafaa kwa safari fupi kwa kutumia kadi.

Mchangiaji wa kwanza

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu mjini, lakini kwa siku ya Rasi nasimama upande mwingine. Siku hiyo mkodi gari lenu, au mkodi gari lenye dereva, kwa sababu uzuri wake wote umo katika kusimama mnapotaka. Kule wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo hakuna cha kujifunza upya. Naomba niieleze njia kwa kirefu kidogo, kwa sababu mwelekeo wa kuzunguka una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Tokeni mapema kwa upande wa Ghuba ya False. Kituo cha kwanza kiwe Muizenberg, na hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la kuogelea. Maji ya ghuba hiyo kiangazi hukaribia nyuzi 20, ufuo ni mpana, kina chake kinaongezeka polepole, na vile vibanda vya mbao vyenye rangi ndivyo mnavyoviona kwenye picha nyingi. Juu ya mlima kuna walinzi wanaotazama papa na kupandisha bendera. Ya kijani maana yake wanaona vizuri na hakuna papa. Nyeusi maana yake hawaoni vizuri. Nyekundu ni tahadhari kubwa. Na nyeupe yenye picha ya papa maana yake tokeni majini mara moja. Wafundisheni watoto bendera hizo kabla hawajavua viatu.

Mkitoka hapo mtapita Kalk Bay, kisha Simon's Town, ambako pengwini wako katika ufukwe wa Boulders. Kundi hilo lilianza na jozi chache tu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kuna njia za mbao zinazowafikisha karibu nao bila kuwakanyagia viota, na mama atatembea juu yake bila shida. Msiwaguse, maana mdomo wao unakata, na muwatazame kwa heshima: ndege hawa mwaka 2024 waliwekwa katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, hasa kwa kukosa dagaa na samaki wengine wadogo wanaowategemea. Sijui mjukuu wa kijana wako atawakuta.

Kisha nendeni hadi Cape Point, ndani ya hifadhi. Kuna kijitreni kinachovutwa na kebo hadi karibu na mnara wa zamani wa taa, ingawa ngazi za mwisho mama atazitazama kutoka chini. Mnara huo uliwashwa mwaka 1860, na kosa lake lilikuwa kujengwa juu mno, hata ukungu ukawa unauficha pale tu meli zilipouhitaji; ndiyo maana mwingine ulijengwa chini zaidi. Mtaambiwa na watu wengi kwamba hapo ndipo bahari mbili zinapokutana. Rasmi sivyo, kwa kuwa ncha ya kusini kabisa ya Afrika ni Rasi ya Agulhas, iliyo mbali zaidi kusini-mashariki, lakini mahali hapa pana historia inayotuhusu. Baharia Mreno Bartolomeu Dias aliipita Rasi hii mwaka 1488, na mwenzake Vasco da Gama akaipita mwaka 1497. Miezi michache baadaye, Aprili 1498, da Gama alikuwa Mombasa na Malindi. Nilisimama pale kwenye upepo nikaitazama ile bahari, nikafikiri juu ya bandari zetu ambazo wakati huo zilikuwa zikiendelea na biashara yao bila kujua kinachokuja. Tafadhalini, milango ya gari ifungwe na chakula kisionekane, kwa sababu nyani wa pale hawamwogopi mtu na watoto ndio wanaonyang'anywa kwanza.

Kurudi ndiko kuliko na siri. Rudini kwa upande wa Atlantiki, kupitia Noordhoek na barabara ya Chapman's Peak hadi Hout Bay. Barabara hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1922, ina urefu wa kilomita 9 na kona 114, imechongwa kwenye jabali juu ya bahari. Mkiwa mnaelekea kaskazini, upande wenu wa kushoto ndio wa bahari, kwa hiyo sehemu za kuegesha na kutazama mnaziingia bila kukata njia ya magari yanayokuja, na jua la alasiri linakuwa juu ya maji mbele yenu. Wanaozunguka kinyume huona ukuta wa mlima. Ni barabara ya kulipia, na hufungwa mawe yakianguka, hivyo ulizeni asubuhi kabla ya kuondoka.

Mwanzisha uzi

Nimewasomea familia yangu michango yote jana usiku baada ya chakula, na mama amesema ramani ya sakafuni ndiyo anayotaka kuiona kwanza. Tiketi za Kisiwa cha Robben nimeshazilipia kwa asubuhi ya tarehe 11. Gari lenye dereva nimelipatia siku ya tarehe 13, kwa sharti kwamba tunaweza kuisogeza kwa siku moja. Stellenbosch imeondoka. Siku nyingine zote nimeziacha bila kuandika kitu, jambo ambalo kwa tabia yangu si rahisi, na pembeni nimeandika majina ya mahali bila tarehe: mlima, Bo-Kaap na District Six, Signal, Muizenberg kwa mara ya pili.

Limebaki swali moja, nalo ni la hofu. Ikiwa upepo utavuma siku tatu mfululizo, tutawapeleka wapi watoto? Na je, kuna lolote la karatasi au vifaa ambalo wageni wa mara ya kwanza hulisahau?

Mchangiaji wa pili

Kaka, usiuogope upepo. Ugawe mji kwa upepo. Upepo wa kusini-mashariki ukivuma, katikati ya jiji hapakaliki, lakini Clifton iko nyuma ya kilima cha Lion's Head na hubaki shwari. Hiyo ndiyo siku ya kukaa mchangani hata kama hamwingii majini. Kama hamtaki jua, pale Waterfront kuna Two Oceans Aquarium, ambako watoto wataona papa na kasa kwa karibu, na jirani yake jumba la sanaa la Zeitz MOCAA, lililofunguliwa mwaka 2017 ndani ya ghala kubwa la zamani la nafaka. Mabomba ya zege yaliyohifadhi nafaka yamekatwa kwa ndani hadi ukumbi unafanana na mzinga wa nyuki. Siku yenye mawingu lakini isiyo na upepo ipelekeni Kirstenbosch, bustani ya mimea ya asili iliyoanzishwa mwaka 1913 kwenye mteremko wa mashariki wa mlima. Kuna daraja la kutembea juu ya vilele vya miti, njia pana, na nyasi za kutandika mkeka. Mama akiwa amechoka, hapo ndipo pa kumpumzisha nusu siku nzima.

Kuhusu karatasi, nyinyi Watanzania, kama sisi Wakenya, mnaingia bila viza kwa matembezi ya hadi siku 90. Hakikisha kila pasipoti ina kurasa mbili tupu na muda wake haumaliziki ndani ya siku 30 baada ya kuondoka kule. Bebeni vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mkipita Nairobi au Entebbe, kagueni masharti ya cheti cha homa ya manjano, na atakayehitaji kuchanjwa achanjwe angalau siku 10 kabla ya safari. Mkiunganisha ndege Johannesburg, mtapita uhamiaji hapo na kuchukua mizigo yenu kabla ya kuendelea, kwa hiyo msikubali muda mfupi kati ya ndege mbili, hasa mkiwa na mzee na watoto.

Kifaa kinachosahaulika ni adapta. Soketi zao ni za pini tatu nene za mviringo, na plagi zetu za pini bapa haziingii. Na mkifika tu, saa zenu zirudisheni nyuma saa moja kabla ya kuulizia boti, maana kule wako nyuma yetu kwa saa moja, na mwezi huo jua linachomoza kabla ya saa kumi na mbili. Mlima utakuwa umeshaonekana dirishani wakati watoto bado wamelala.